Mwongozo kamili wa majaribio ya herufi na alfabeti karakanani

Mwanafunzi wa usanifu wa michoro anayeamua kubuni alfabeti yake mwenyewe kwa kawaida huanza na A, akaendelea na B, kisha C, na anapofika kwenye G au H hugundua kwamba herufi alizochora ni wageni waliokutana njiani, si ndugu wa tumbo moja. Kasoro hiyo haitokani na mkono usiojua kuchora. Inatokana na kuichukulia alfabeti kuwa orodha ya picha 26, ilhali alfabeti ni ukoo: nguzo ya n ndiyo nguzo ya h na ya m, duara la o hurithiwa na d, b na p, na ukibadilisha kimoja huna budi kuvigusa vingine vyote.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuendesha mfululizo wa majaribio ya herufi katika karakana, kuanzia kalamu bapa, kupitia stensili (kadi yenye matundu ya herufi ya kupakia rangi), mchongo na uchapaji, hadi kompyuta. Utaratibu wenyewe niliufikia baada ya kupoteza muda mwingi. Katika mwaka wangu wa pili wa masomo nilichonga herufi kubwa zote kwenye lino, yaani bamba la kuchonga na kuchapia, kabla ya kuchapa hata neno moja, na nilipochapa neno la kwanza nikaona kwamba M ilikuwa nyeusi kuliko N, O ilionekana fupi kuliko jirani zake, na hapakuwa na njia ya kurudisha lino iliyokwisha kuondolewa. Tangu hapo nimeshikilia kanuni moja ambayo nitairudia katika hatua nyingi hapa chini: tengeneza herufi mbili, ziweke katika neno, zitazame, ndipo utengeneze ya tatu.

Hatua ya 1: Andika swali moja kabla ya kugusa chombo

Jaribio ni swali linaloulizwa kwa mkono. Ukiingia karakanani bila swali utatoka na karatasi nyingi za kupendeza ambazo hazikufundishi lolote, kwa sababu hutajua ni badiliko lipi lililoleta tokeo lipi. Kwa hiyo fungua daftari na uandike sentensi moja ya kuuliza, kwa mfano: herufi zitakuwaje endapo hazitaruhusiwa kuwa na mstari wowote wa mviringo? Au: ni kiasi gani cha herufi kinaweza kuondolewa kabla msomaji hajashindwa kuitambua? Au: uzito wa herufi hubadilikaje pembe ya kalamu inapobadilika ilhali kila kitu kingine kinabaki vile vile?

Mfano mzuri wa swali lililoshikiliwa hadi mwisho ni alfabeti ambayo Mholanzi Wim Crouwel aliitoa mwaka 1967. Mashine za kupanga herufi za wakati huo, zilizotumia mwanga na kioo cha elektroni, zilivunja mistari ya mviringo kuwa ngazi ndogo ndogo. Crouwel hakuzilazimisha zichore duara. Alijiuliza alfabeti ingekuwaje iwapo ingejengwa kwa mistari ya wima na ya ulalo (iliyolala) peke yake, pembe zake zikikatwa kwa nyuzi 45. Baadhi ya herufi zilizotokea ni ngumu kusomeka, naye aliliona hilo na kuliacha lilivyo, kwa kuwa swali lake halikuwa la kurahisisha usomaji. Mwanafunzi anaweza kujifunza mengi kutokana na uamuzi huo: ukishaweka kanuni, ifuate hata inapokupeleka mahali usipopapenda, kisha tathmini. Ukiilegeza katikati ya safari, hutajua kama kanuni ilikuwa mbaya au wewe ndiye uliyeiacha.

Chini ya swali, orodhesha yale yatakayobaki bila kubadilika. Kama unachunguza pembe ya kalamu, basi upana wa ncha, urefu wa herufi, aina ya karatasi na neno linaloandikwa vyote vibaki sawa.

Hatua ya 2: Anza na kalamu bapa, hata kama lengo lako ni la kidijitali

Ninapendekeza kila mfululizo uanzie hapa, na nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu tofauti ya unene na wembamba tunayoiona katika herufi nyingi za Kilatini ilizaliwa na chombo cha aina hii. Kalamu bapa ni kalamu ambayo ncha yake ni pana kama patasi ndogo. Haikandamizwi ili kupata mstari mnene. Unene hutokana na mwelekeo wa mkono ukilinganishwa na pembe ya ncha.

Chukua kalamu yenye ncha ya milimita 5 na karatasi ya A3 isiyonyonya wino kupita kiasi. Chora kwa penseli mstari wa msingi, yaani mstari ambao herufi zote husimama juu yake. Kisha pima urefu wa herufi ndogo kwa kutumia ncha yenyewe: weka ncha wima na upige viraka vitano vya mraba, kimoja juu ya kingine, kama ngazi. Viraka vitano vitakupa urefu wa milimita 25, na hapo utachora mstari wa pili. Njia hii ya kupimia ni bora kuliko rula kwa sababu inafunga uhusiano wa uzito na urefu. Ukibadilisha kalamu, ngazi nayo hubadilika na uwiano hubaki.

Shika ncha kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye mstari wa msingi na usiizungushe mkononi. Sasa piga mstari wa wima, halafu wa ulalo, halafu upime. Mstari wa wima utakuwa na unene wa takriban milimita 4.3 na wa ulalo takriban 2.5, ingawa ncha ni ile ile. Fanya hivyo tena kwa nyuzi 45 na yote miwili itakuwa na milimita 3.5 hivi. Kwa nyuzi 0, wima utachukua upana wote wa milimita 5 na ulalo utakonda kama uzi. Huo ndio msingi wa jambo lote, na mwanafunzi aliyeupima kwa mkono wake hausahau.

Baada ya mistari, andika o kwa mapigo mawili. Pigo la kwanza linaanzia juu, linashuka kwa upande wa kushoto na kuishia chini; la pili linaanzia pale pale juu na kushuka kwa upande wa kulia hadi kukutana na la kwanza. Ukitazama o hiyo kwa makini utaona kwamba sehemu zake nyembamba kabisa hazipo juu kabisa wala chini kabisa. Zimeinama kidogo, moja upande wa kushoto juu na nyingine upande wa kulia chini, kana kwamba duara zima limeegemea nyuma. Mwinamo huo unaonekana katika herufi za vitabu vingi vya kale, na ulitokana na pembe ya mkono.

Asiye na kalamu bapa afunge penseli mbili kwa utepe, ncha zikiwa zimeachana kwa milimita 8 hivi na zikigusa karatasi kwa pamoja. Kila penseli itachora ukingo mmoja wa pigo, na utaona wazi jinsi kingo hizo zinavyokaribiana, kuvukana na kuachana tena. Mimi huona kwamba penseli mbili hufundisha zaidi ya wino, kwa kuwa wino huficha mifupa ya herufi na penseli huianika.

Ushahidi wa chombo hubaki hata pale ambapo chombo kimeondoka. Herufi zilizochongwa kwenye Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113, zimekatwa kwenye marumaru kwa patasi, lakini Edward Catich, padre wa Marekani aliyekuwa pia mchongaji wa herufi, alitetea kwa nguvu hoja kwamba ziliandikwa kwanza kwa brashi bapa na ndipo mchongaji akafuata alama za rangi. Kwa maelezo yake, hata vile vikanyagio vidogo kwenye miguu ya herufi, yaani serifu, chanzo chake ni mzunguko wa brashi mwishoni mwa pigo. Tazama pia alfabeti ambayo Edward Johnston aliichora kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi ya London, iliyoanza kutumika mwaka 1916. Mistari yake ina unene unaoonekana sawa kila mahali, hakuna serifu, hakuna dalili ya kalamu, isipokuwa nukta ya i na ya j: hiyo ni mraba uliosimama kwa pembe, na ndiyo alama hasa ambayo ncha bapa huiacha ikiguswa karatasini kwa nyuzi 45. Johnston alikuwa mwalimu wa kalamu bapa, na nukta hiyo ni sahihi ya chombo chake.

Fanya jaribio lako la kwanza hapa. Andika neno moja lenye herufi za nguzo, za duara na za mshazari, kama vile «vinavyoonekana», mara tatu kwa pembe tatu tofauti, kisha mara tatu kwa pembe moja lakini kwa ngazi ya viraka 3, 5 na 7. Hutahitaji zaidi ya kurasa sita.

Hatua ya 3: Chagua herufi za kizazi cha kwanza

Sasa acha kuandika na uanze kuchora, yaani kujenga herufi kwa kufuata kingo zake. Usiende kwa mpangilio wa alfabeti. Anza na n na o. Katika n utaamua unene wa nguzo, upana wa uwazi wa ndani na namna tao linavyochipuka kutoka kwenye nguzo. Katika o utaamua umbo la duara na mahali pa sehemu nyembamba. Kutoka kwenye n utapata h, m, u na r. Kutoka kwenye o utapata c na e, na ukiunganisha o na nguzo ya n utapata d, b, p na q. Herufi mbili zilizoamuliwa vizuri zinakuwa zimekwisha kuamua nusu ya ukoo. Baada yake chora a, kisha s, kwa sababu hizo mbili hazirithi kwa urahisi na zitakuonyesha kama kanuni zako zina nguvu ya kutosha.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huamini rula kuliko jicho, na rula huwaponza. Chora H yenye urefu wa milimita 100 na kando yake O yenye urefu huo huo kamili. O itaonekana fupi, kwa kuwa inagusa mistari ya juu na ya chini kwa nukta ndogo tu, wakati H inaigusa kwa upana wote wa nguzo zake. Ili zionekane sawa, O lazima ivuke mstari wa juu na wa chini kwa milimita 1 au 2 kila upande. Hali kadhalika, mstari wa ulalo wenye unene sawa na wa wima huonekana mnene zaidi, kwa hiyo hupunguzwa kidogo. Ule wa katikati ya H hupandishwa juu kidogo ya nusu, la sivyo huonekana umeteleza. Na tumbo la juu la S na la B hufanywa dogo kuliko la chini.

Njia rahisi ya kuliona hilo la mwisho ni kuchukua neno lililochapwa lenye S kubwa na kuligeuza juu chini. S iliyoonekana imetulia kabisa ghafla inakuwa na kichwa kikubwa kinachotaka kuiangusha. Weka kioo cha kukuzia juu yake na upime matumbo yote mawili. Tofauti ipo, na ilikuwapo muda wote ukisoma bila kuitambua. Fanya hivyo na S yako mwenyewe. Ikiwa haibadiliki ikigeuzwa, basi imesimama vibaya ikiwa wima.

Kuhusu nafasi kati ya herufi, andika «nnnn», kisha «onon», kisha «oo». Uwazi ulio kati ya n mbili unapaswa kukaribiana, kwa kiasi cha weusi na weupe, na uwazi ulio ndani ya n yenyewe. O mbili zikikaa kwa umbali ule ule wa n mbili zitaonekana zimetengana mno, kwa hiyo zisogeze. Nafasi ichorwe sambamba na herufi, si baada yake.

Hatua ya 4: Stensili, ambapo herufi hulazimika kuvunjika

Kata herufi kwenye kadi nyembamba kwa kisu chenye wembe mpya, juu ya mkeka wa kukatia. Jambo la kwanza litakalotokea ni kwamba ukimaliza kukata ukingo wa nje wa O, kiini chake kitadondoka pamoja na herufi nzima, na mkononi utabaki na tundu la duara. O imepotea kwa sababu uwazi wake wa ndani ulikuwa kisiwa kisichofungwa popote. Ili kisiwa kikae, lazima kiunganishwe na bara kwa daraja, yaani ukanda wa kadi unaoachwa bila kukatwa, na kila daraja huikata herufi vipande.

Wanaoanza huchora herufi ya kawaida kisha wakapachika madaraja mahali popote yanapowezekana, na matokeo huonekana kama herufi nzuri iliyojeruhiwa. Fanya kinyume. Amua kwanza kanuni ya daraja: upana wake, mwelekeo wake na mahali pake. Anza na upana wa thuluthi moja ya unene wa nguzo, na madaraja yote yawe ya wima, kwa mfano. Ndipo uchore herufi zikilifuata daraja. Chukua a ndogo yenye tumbo na kichwa kilichopinda. Tumbo lake lina kisiwa kimoja, ambacho daraja moja lingetosha kukishika, lakini daraja moja huacha ulimi mrefu wa kadi unaotikisika na kuinuka rangi inapopakwa, kwa hiyo yanatakiwa mawili. La juu unaweza kulipitisha pale tumbo linapoachana na nguzo, mahali ambapo kalamu ingekonda hata hivyo. La chini likae pale tumbo linaporudi kwenye nguzo. Hapo daraja limeingia kwenye sehemu iliyokuwa nyembamba kwa asili, na jicho hulipokea bila kushtuka. Ukiyapachika yote mawili katikati ya tumbo, a inageuka kuwa mabano mawili na kijiti.

Unapokata, anza na sehemu za ndani kabla ya ukingo wa nje, maana kadi huwa imara zaidi ikiwa bado nzima. Kwenye mviringo zungusha kadi, si kisu. Mkono wenye kisu ubaki karibu kimya na mkono wa pili ulete kadi kwake, vidole vikiwa daima nyuma ya wembe. Pitisha wembe mara mbili au tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Badilisha wembe mara tu unapoanza kuacha nyuzi kwenye pembe. Wakati wa kupaka, brashi au sifongo iwe karibu kavu na igongwe kutoka juu. Rangi ikiwa na maji mengi itatambaa chini ya kadi na kingo zote zitavimba.

Hatua ya 5: Moduli na gridi

Jaribio la moduli linataka alfabeti nzima ijengwe kwa maumbo machache yanayorudiwa. Josef Albers, akiwa katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani katikati ya miaka ya 1920, alijenga herufi za stensili kwa mraba, pembetatu na robo duara tu. Kata maumbo hayo kutoka kwenye karatasi nyeusi, vipande 12 vya kila umbo, na uyapange mezani bila gundi kwanza. Piga picha kila mpangilio kabla ya kuuvuruga.

Gridi ya miraba ni ndugu wa jaribio hilo. Chukua gridi ya miraba 5 kwa 7, ambayo hutumika sana katika vibao vya taa, na ujaribu kuingiza kila herufi. Utagundua haraka mahali pa ugumu. Herufi m ndogo inahitaji nguzo 3 na nafasi 2, yaani safu 5 kamili, ilhali i inahitaji safu 1 tu. Ukizilazimisha zote zichukue upana ule ule, i huzungukwa na jangwa. K na S hudai mishazari na mikunjo ambayo gridi haina. Andika kwenye daftari umetatua vipi kila mgogoro, kwa maana maamuzi hayo ndiyo mtindo wako.

Hatua ya 6: Kuchonga na kuchapa

Katika lino na mbao, kilichoachwa ndicho kinachochapa, na kila kitu hutokea kikiwa kimegeuzwa kama kwenye kioo. Chora neno kwenye karatasi angavu kwa penseli laini, ligeuze kifudifudi juu ya lino na usugue mgongo wake hadi penseli ihamie. Usijaribu njia hii kwa neno kama MTU, kwa sababu M, T na U zina pande mbili zinazofanana na kosa halitaonekana katika herufi zenyewe, bali katika mpangilio peke yake. Tumia neno lenye R, S au N, ambazo hujifichua mara moja.

Pasha lino joto kidogo iwe laini, weka mkono usiokata nyuma ya patasi, na chonga kutoka kwenye ukingo wa herufi kuelekea nje, ukuta ukiwa na mteremko mdogo. Ukiukata ukuta kwa ndani, ukingo utaning'inia bila cha kuushikilia na utavunjika chini ya shinikizo. Wino utandazwe kwenye kioo kwa rola hadi uwe utando mwembamba. Rola ikipita juu ya wino uliotosha hutoa mlio laini na wa sawasawa, na wino ukizidi mlio huwa mzito na wa kunata. Wino mwingi ndio adui mkubwa wa herufi ndogo, kwa kuwa hujaza uwazi wa ndani wa e na a.

Ikiwa karakana yako ina herufi za chuma au za mbao, omba siku nzima ya kuzipanga. Herufi hizo zote zina kimo kimoja, takriban milimita 23.3 katika mfumo wa Uingereza na Marekani, ili nyuso zao zipokee wino na karatasi kwa usawa. Kipande chako cha lino nacho kinaweza kuchapwa pamoja nazo ukikiinua kwa ubao na karatasi hadi kimo hicho. Herufi hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia zikiwa zimeinamishwa kichwa chini, na mfereji mdogo uliochongwa kwenye mwili wa kila herufi ya chuma uelekee juu, ili kidole kijue upande bila macho kutazama. Chunga b na d, p na q, n na u. Chuma hicho kina risasi, kwa hiyo usile ukiwa kazini na uoshe mikono kabla ya kutoka.

Herufi kubwa za mabango zilianza kutengenezwa kwa wingi kutokana na mbao baada ya Darius Wells wa New York kubuni mwaka 1827 mashine ya kuchimba mbao iliyorahisisha kazi hiyo. Zinafaa sana kwa majaribio kwa kuwa ni kubwa na zina makovu. Chapa herufi moja, igeuze nusu mzunguko, ichape tena juu ya alama ya kwanza kwa rangi hafifu, na utazame maumbo yanayozaliwa kwenye makutano.

Kuhusu kikata cha leza, maneno machache yanatosha. Miale huteketeza upana mdogo wa kitu kinachokatwa, hivyo kata kipande kimoja cha majaribio, kipime, na urekebishe mchoro kabla ya kukata herufi zote. Usiweke kamwe plastiki ya PVC ndani ya mashine hiyo, kwa sababu ikiungua hutoa gesi yenye kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kuila mashine.

Hatua ya 7: Kuingiza kwenye kompyuta

Skani chapa zako kwa nukta 600 kwa inchi. Usikabidhi kazi ya kufuata kingo kwa amri ya moja kwa moja ya programu, kwani itaweka nukta mia pale zinapotosha nane na kila mkwaruzo utageuka kuwa ukingo. Fuata kwa mkono: weka nukta kwenye ncha za juu, chini, kushoto na kulia za kila mviringo, vishikio vyake, yaani vijiti vinavyoelekeza mkunjo, vikiwa vya wima au vya ulalo, na uache mstari upite katikati. Duara la nje la o linahitaji nukta 4 na la ndani nyingine 4.

Kabla ya kuanza, amua kama mikwaruzo ya mchongo ni sehemu ya herufi au ni ajali. Majibu yote mawili ni halali. Lisilofaa ni kuacha mkwaruzo kwenye a na kuufuta kwenye e.

Hatua ya 8: Jaribu kwa maneno ya lugha utakayoiandikia

Maneno ya majaribio yaliyozoeleka katika programu yametungwa kwa lugha nyingine, na hayatakuonyesha mahali ambapo Kiswahili kinaibana alfabeti yako. Kiswahili sanifu hakitumii q wala x katika maneno yake, na c huja ikiandamana na h. Kwa upande mwingine, silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na a hujirudia mno, hivyo a yenye kasoro itaiharibu kila sentensi. Herufi zenye mishazari, yaani w, y, v na k, hukutana mara kwa mara na kuacha mianya. Kwa hiyo andaa karatasi ya maneno kama «wawakilishi», «vyovyote», «yavuyavu», «kwikwi», «nywele» na «mwanamume», na uyachape yote kwa ukubwa wa nukta 72 (pointi, kipimo cha ukubwa wa herufi), kisha 24, kisha 12.

Usisahau «ng'ombe» na «kung'aa». Alama iliyo katika ng' si ya nukuu wala si pambo; kwa msomaji wetu ni sehemu ya sauti. Ikiachwa na nafasi ya kawaida ya alama za uandishi, neno hukatika vipande viwili, na ikiwa nyembamba kupita kiasi hupotea katika ukubwa mdogo na kung'oa huonekana kama kungoa. Ichore kwa uzito unaolingana na nguzo, uisogeze karibu na g, na uijaribu upya kila unapobadilisha uzito wa alfabeti.

Bandika karatasi hizo ukutani, rudi nyuma hatua sita, na ukunje macho hadi herufi zisisomeke na zibaki kama kitambaa cha kijivu. Mahali penye doa jeusi ndipo penye herufi nzito au nafasi finyu, na penye tundu jeupe ndipo penye nafasi iliyozidi. Zungushia duara kwa penseli nyekundu, andika tarehe, na urudi kwenye chombo kilichozaa kasoro hiyo.

Hatua ya 9: Daftari la majaribio

Kila ukurasa uwe na swali, chombo, kilichobaki bila kubadilika, kilichobadilishwa, chapa yenyewe iliyobandikwa, na sentensi mbili za ulichokiona. Bandika pia chapa zilizoharibika, ukiandika sababu ukiijua: wino mwingi, wembe butu, karatasi iliyosogea. Stensili zilizotumika zikaushwe na zitunzwe katika bahasha iliyopewa namba ya ukurasa, kwa kuwa kingo zilizolowa rangi zinaonyesha mahali daraja liliposhindwa. Mwishoni mwa kila siku andika swali la kesho kabla hujaosha brashi.